Kabichi ya Kioo

Lucyna Wilk alikuwa na miaka hamsini na mmoja alipoanza mwaka wa kwanza wa chuo, na wenzake darasani walikuwa na kumi na tisa, wengine ishirini. Kituko chenyewe si umri. Kituko ni kwamba somo la kutengeneza kalibu za kuyeyushia kioo, ambalo kila anayeingia idara ya kioo lazima alisome, mwalimu wake alikuwa yeye mwenyewe. Ratiba ilibandikwa mlangoni: Jumanne, saa tatu asubuhi, karakana ya chini, mwalimu L. Wilk. Na katika orodha ya wanafunzi, chini kabisa, L. Wilk. Siku ya kwanza aliita majina mmoja mmoja, alipofika mwisho akasita, akaita, "Wilk, Lucyna," kisha akajijibu, "Nipo," akajitia alama ya vema. Darasa zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka, kwa sababu kwa upande wake jambo hilo lilikuwa la kufa na kupona.

Wakubwa walikuwa wameleta kanuni mpya. Baada ya miaka mitatu, ikifika Oktoba, asiye na shahada asisimame mbele ya wanafunzi. Atapewa kazi ya stoo, agawe ndoo na makoleo, ahesabu mifuko ya plasta. Lucyna alikuwa amesimama mbele ya wanafunzi miaka ishirini na moja, na nusu ya walimu wa idara ile walijifunza kukoroga plasta mikononi mwake. Kanuni haikujua habari hizo. Alikasirika wiki nzima, kisha Jumatatu akaenda ofisini kuomba fomu ya kujiunga.

Kazi ya kalibu aliianza kiwandani, katika mji mdogo wa milimani ambako baba yake alipuliza bilauri na mama yake alizisugua na kuzifunga kwenye karatasi. Aliingia pale na miaka kumi na saba. Alipofikisha thelathini kiwanda kikafa, lango likatiwa mnyororo, na watu waliokuwa mafundi juzi wakawa wanauza uyoga kando ya barabara. Chuo kimoja cha sanaa, mjini chini kwenye mto Odra, kilikuja kuchukua tanuri la matofali lililobaki. Mafundi wa chuo walilizunguka mara tatu bila kujua pa kulishika, na Lucyna, aliyekuwa amekuja kuangalia tu, akaanza kuwafokea. Watu husema alitolewa pale pamoja na tanuri, kama nyongeza.

Chuoni alijulikana kwa ukali wa jambo moja. Kioo kinene ukikiyeyusha ndani ya kalibu ni lazima ukipoze polepole, siku baada ya siku, maana nje kikipoa na ndani kingali moto, kitapasuka tu, hata kama mtengenezaji ni malaika. Sasa wanafunzi, kama ujuavyo vijana, huwa hawawezi kukaa na tanuri lililofungwa. Wanataka kuchungulia. Lucyna alikuwa akipita na tambara lake bichi, na mkono wowote ulioshika mpini wa tanuri kabla ya wakati ulilipata. Radek Sowa, ambaye sasa ni profesa na mkuu wa idara, enzi za uanafunzi wake alifungua siku mbili mapema na kazi yake ikatoka vipande sita. Lucyna alimpa ufagio, akamwambia azoe, kisha akamwekea ndoo ya plasta mbele yake na kumwambia aanze upya. Radek alilia siku ile, na tangu siku ile anamwita Mama.

Miaka mitatu ya masomo haikuwa lelemama. Kwa mikono hakuna aliyemfikia, lakini historia ya sanaa ilimpeleka mchakamchaka. Mtihani wa kwanza alianguka. Akawa anaandika majina ya makanisa na miaka ya madirisha yao kwenye ndoo za plasta kwa kalamu nene, ili anapokoroga awe anasoma. Wenzake wakazizoea zile ndoo, wakawa wanasema, "Nipitishie ile ya karne ya kumi na tatu." Jagna, binti aliyekaa naye meza moja, alimpa daftari lake na kumfundisha kuandika tanbihi. Lucyna naye akamfundisha kukata utepe wa madini ya risasi, ule unaoshika vipande vya kioo dirishani, bila kuupinda.

Mwaka wa mwisho kila mtu alitakiwa atengeneze dirisha moja la kuhitimu. Wengine walichora mabawa, mawingu, wanawake wenye nywele ndefu. Lucyna akaja na kabichi.

"Kabichi gani tena, Mama Lucyna?" Jagna aliuliza.

"Kabichi. Huijui kabichi? Unaila kila Jumapili."

"Naila. Sijawahi kuisujudia dirishani."

"Ndiyo maana hujaiona."

Alichukua kisu akaipasua katikati, akamwekea ile nusu chini ya pua. Jagna akainama kuitazama. Ukitazama kabichi iliyokatwa unaona kila jani limekunjika ndani ya jingine, njia nyembamba zinaingia na kutoka, na katikati kiini kigumu cheupe kinachoshikilia yote. Lucyna alikuwa ameziona maelfu, kila vuli, mama yake alipozikata kwa ajili ya pipa la kuchachushia na watoto wakaoshwa miguu waingie kukanyaga. Hakumwambia Jagna habari za pipa. Alisema tu kwamba mikunjo ile ni migumu kuitolea kalibu, na anataka kuona kama anaiweza.

Akafinyanga uso wa nusu ile kwa udongo, mkubwa, wa kukumbatiwa kwa mikono miwili. Akautolea kalibu, akamimina nta, akaizungushia nta plasta na mchanga, akaiyeyusha nta itoke, pakabaki uwazi wenye sura ya kabichi. Juu yake akapanga mabonge ya kioo cha kijani, mengine yamekolea, mengine karibu meupe, yashuke yenyewe yakiyeyuka. Vioo vyembamba vya kuizunguka, vya buluu ya baridi na njano ya majani makavu, alikuwa ameshavikata na kuvishikisha kwa risasi, vikaegemezwa ukutani na shimo katikati vikingoja. Tanuri likawashwa. Siku kumi na moja za kupoza zikahesabiwa, zikaangukia Jumatano, na kutetea kazi mbele ya jopo la watahini ilikuwa Ijumaa, saa nne.

Jumapili mchana radi ikapiga, umeme ukakatika mtaa mzima kwa saa saba.

Umeme uliporudi, Lucyna alikuwa amekaa mbele ya tanuri na koti lake la mvua bado mwilini. Joto lilikuwa limeshuka ovyo, upande mmoja zaidi ya mwingine. Dawa yake ni moja tu na aliijua. Unapandisha tena joto, unaliacha litulie ndani ya kioo, halafu unaanza upya kushusha. Akafanya hivyo. Siku tatu zikaongezeka, na hesabu mpya ikaangukia Jumamosi, siku moja baada ya jopo.

Radek aliteremka karakana Jumatano jioni.

"Mama, tusogeze. Kuna jopo jingine Septemba. Nitaandika umeme ulikatika, na ni kweli ulikatika, nani atabisha?"

"Septemba tarehe ngapi?"

"Ishirini na nne."

"Na Oktoba inaanza tarehe moja. Jambo dogo likienda kombo tena, kwisha habari yangu."

"Haliendi kombo."

"Wewe ndiye unayepiga radi?" Lucyna akafuta meza iliyokuwa safi. "Wataniona nimeshindwa. Watasema bibi kizee, miaka mitatu, hata kazi yake haiko tayari. Hapana, Profesa. Ijumaa."

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, kwenye aibu ambayo hakuna aliyemwaibisha nayo. Hakuna mtu pale chuoni aliyekuwa na neno baya juu ya Lucyna. Maneno yote mabaya alijitungia mwenyewe, akajisomea usiku kucha, asubuhi akaamka akiyaamini.

Alhamisi saa mbili asubuhi alisimama mbele ya tanuri. Kipimajoto kilisema nyuzi mia moja thelathini na nane. Lakini kipimajoto kile tangu radi kilikuwa hakieleweki, Jumatatu kilionyesha namba za kichaa mpaka kikazimwa na kuwashwa tena. Lucyna akafanya alichokuwa akifanya tangu ana miaka kumi na saba: akageuza kiganja na kuliwekea tanuri mgongo wa mkono ubavuni, akangoja. Ubavu ulikuwa wa vuguvugu, kama kikombe cha chai iliyosahauliwa. Mkono wake haukuwahi kumdanganya kiwandani, wala katika chuo hiki kwa miaka yote ya tanuri la matofali.

Ila hili halikuwa la matofali. Lile la zamani lilikuwa limeondolewa mwaka uliopita, na hili jipya kuta zake zimejazwa pamba nene ya kuzuia moto, kiasi kwamba hata ndani kukiwaka jehanamu ubavu wake ni wa vuguvugu. Lucyna alilijua hilo. Mwenyewe ndiye aliyewaeleza wanafunzi, kwa kidole juu, wasiuamini ubavu wa tanuri jipya. Lakini mkono una ukaidi wake, na asubuhi ile alikuwa anautafuta ushahidi wa kumruhusu.

Akafungua mlango wa tanuri upana wa kidole. Nusu saa baadaye, upana wa kiganja.

Saa tano kasoro ikatoka sauti, tik, moja tu, ndogo. Jagna alikuwa upande wa pili akisugua risasi. Aliinua kichwa, akamtazama Lucyna, halafu akainama haraka na kuendelea kusugua palepale alipokwisha kusugua. Lucyna akaketi juu ya mfuko wa plasta. Aliona haya, haya ya kweli, na ilikuwa miaka mingi tangu haya ya namna ile imfikie.

Kazi ilipotolewa na plasta kubanduliwa, ufa ulikuwa mmoja. Ulitoka kwenye kiini cha katikati ukakimbia mpaka ukingoni, bila kuitenganisha. Akaiosha. Akaipachika kwenye shimo lake, akaibana kwa risasi, na Jagna akamsaidia kulibeba dirisha mpaka ukumbi wa juu, ghorofa nne.

Sasa sikia balaa. Ijumaa asubuhi jua lilipopiga dirisha lile, lilikuwa zuri kupita yote ukumbini. Kijani kilizama na kuibuka kila mkunjo, na ufa ulishika mwanga ukang'aa kama uzi wa fedha. Wazazi wa wanafunzi wengine walisimama mbele yake wakisahau watoto wao. Jopo lilikuwa la watu wanne: mkuu wa kitivo, Radek, mgeni mmoja kutoka mji wa Łódź, ambaye ni mzee mnyamavu wa vioo vya makanisa, na Daktari Kinga Bielska wa nadharia, yule aliyemwangusha Lucyna kwenye historia. Daktari Kinga alilikaribia dirisha, akarudi nyuma, akalikaribia tena.

"Bi Lucyna," alisema, na sauti yake ilikuwa na heshima ya kweli, "huu ufa. Unaanzia moyoni unatoka nje. Nimekaa nawaza kiwanda kile kilichofungwa, watu waliotawanyika. Naona kama kazi yote imejengwa juu ya mstari huu. Ningependa utueleze ulivyoufikia."

Lucyna alisimama na sketi yake ya sikukuu, mikono imeshikana mbele. Hapakuwa na mtu pale ambaye angemkatalia. Alichotakiwa ni kuitikia kwa kichwa tu.

Radek hakuvumilia, akaingilia. "Nadhani Lucyna anataka kusema kwamba kioo kina kumbukumbu. Tulilizungumza hili, sivyo? Kwamba kuvunjika nako ni sehemu ya lugha ya kioo."

"Hatukulizungumza, Profesa," Lucyna akasema.

Radek akatazama makaratasi yake.

"Nilifungua tanuri mapema," Lucyna akaendelea. "Lilikuwa bado mia moja thelathini na nane. Nililishika ubavu nikajidanganya kwamba limepoa. Ufa hausemi kitu, Daktari. Ni ufa tu. Kabichi haikutakiwa iwe nao."

"Lakini hata ajali inaweza kuwa na maana," Daktari Kinga akasema kwa upole. "Msanii ana haki ya kuipokea."

"Anayo. Mimi siipokei."

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Mkuu wa kitivo akaanza kukunja karatasi, na hapo yule mzee wa Łódź, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametamka lolote, akainua kalamu.

"Naambiwa wewe ni mwalimu hapa."

"Wa kalibu na kumimina. Mpaka Septemba."

"Basi nijibu kama mwalimu. Mwanafunzi wako angekuletea kazi hii, nzuri hivi, imepasuka hivi, kwa sababu hiyo uliyosema. Ungemfanya nini?"

Lucyna alimtazama. Alilielewa swali lote, na alielewa kwamba mzee hakuwa anamtega wala kumwonea. Alikuwa anamwuliza kwa dhati, fundi kwa fundi.

"Ningemwambia arudie," akasema.

Jopo lilitoka likakaa dakika arobaini. Mlango haukuzuia vizuri, na Radek alisikika akipaza sauti mara mbili, na mara moja Daktari Kinga akimuunga mkono, kitu ambacho hakikuwahi kutokea idara ile. Waliporudi mkuu wa kitivo alisoma bila kuinua macho: kazi haijakamilika, mwanafunzi atarudia kumimina, atatetea upya tarehe ishirini na nne Septemba, nafasi ya mwisho. Saini nne. Lucyna akasema asante, akapeana mkono na wote, akatoka.

Radek alimkuta amekaa kwenye ngazi za kuelekea karakana, amevua viatu vya sikukuu, anazisugua nyayo. Uso wa Radek ulikuwa mwekundu.

"Nilikutupia kamba," alisema. "Yule Kinga, Kinga mzima, naye akakutupia. Ulikuwa ushike moja tu, yoyote! Leo ungekuwa na shahada mkononi, Oktoba uko darasani kwako kama kawaida. Unajua nimegombana na watu wangapi kwa ajili ya darasa hilo?"

"Najua, mwanangu."

"Sasa kwa nini?"

Lucyna akachukua kiatu kimoja, akakivaa. Alikuwa amechoka, na alikuwa na woga, na hakuuficha.

"Kaa," akamwambia, na Radek akakaa. "Hebu niambie wewe. Tuseme nimeshika kamba yako. Oktoba nimo darasani. Anakuja mtoto, amefungua mapema, kazi imepasuka, ananitazama anasema, Mama Lucyna, huu ufa unazungumza. Nimjibu nini?"

Chini karakana Jagna alikuwa ameanza kuosha ndoo, maji yakisikika.

"Na Septemba ikienda vibaya?" Radek akauliza mwisho, kwa sauti ya chini.

"Ikienda vibaya nitakuwa stoo nagawa makoleo." Akafunga kamba ya kiatu cha pili, akasimama akijishikilia begani kwake. "Lakini kila atakayekuja kuniomba koleo, nitaweza kumtazama usoni."